Gari likitoka kiwandani na kasoro nani alaumiwe? Mfanyakazi wa laini, injinia, bosi au mhasibu?

Mshamba wa Tanga
Habari za humu wakuu. Naomba tujadili bila matusi.

Mwezi uliopita nilipeleka gari kwa fundi, gari ya Kijapani ya 2004, jina sitaji kwa sababu kuna siku nitaiuza. Taa ya eabegi (ule mfuko wa hewa unaofunguka ukigonga) inawaka dashibodini tangu nimeinunua na aliyeniuzia aliniambia hiyo ni kawaida ya hizi gari. Sasa shemeji yangu mtu wa kompyuta akachukua namba ya chesisi akaiingiza kwenye tovuti ya kiwanda huko Japani, yakatoka maandishi ya Kijapani matupu, tukayapiga picha na simu yatafsiriwe. Gari iliitwa irudi ibadilishiwe kile kidude kinachojaza eabegi gesi, upande wa abiria, na haijawahi kurudi. Yaani kasoro inajulikana, imeandikwa, halafu gari ikapanda meli ikaja Tanga na mke wangu anakaa siti hiyo mwaka wa sita huu.

Swali langu dogo tu. Kitu kama hiki kinapitaje kiwandani? Mimi wa kwanza kumlaumu ni yule mkaguzi wa mwisho. Kazi yake ni kuangalia. Sasa kama hakuangalia alikuwa anafanya nini pale?

Kibatari
Miaka sita haijalipuka halafu unakuja kuilaumu Japani 😂😂 taja gari kwanza

Mshamba wa Tanga
Sitaji.

Fundi Gerezani
Mleta uzi pole. Ila mkaguzi wa mwisho unamwonea. Eabegi ikishafungwa ndani ya dashibodi huwezi kuikagua kwa macho, kile kidude cha gesi ni kopo la chuma limefungwa moja kwa moja. Ukitaka kujua kama ni zima dawa yake ni moja, uilipue. Sasa utauza nini?

Hiyo yako inanuka Takata. Jamaa walikuwa kampuni ya Kijapani wanatengenezea kampuni nyingi za magari duniani eabegi na mikanda. Baruti yao ndani ilikuwa amonia naitreti, ndugu yake yuko kwenye mbolea na kwenye migodi wanalipulia miamba. Ni rahisi ila ina tabia mbaya, joto likipanda na kushuka kila siku na unyevu ukiingia, vile vidonge vya baruti vinaachia, vinakuwa na vinyweleo. Siku ukigonga badala ya kuungua taratibu inaungua yote kwa mpigo, kopo linapasuka, vipande vya chuma vinapita kwenye kitambaa cha eabegi vinakuja usoni na shingoni. Orlando mwaka 2014 polisi walimkuta mama ndani ya gari iliyogongana wakadhani amechomwa visu.

Sasa jiulize Tanga ina joto kiasi gani na unyevu kiasi gani.

Mama Kibaha
Mungu wangu. Na mimi nina ya 2005.

Mtu wa Mizani
@Fundi Gerezani uko sahihi kwenye kemia ila usiwatoe wafanyakazi haraka hivyo. Takata wenyewe walipoanza kubanwa walieleza makosa ya kiwandani kabisa. Kiwanda cha Moses Lake jimbo la Washington kulikuwa na mashine ya kubana vidonge, ina kipengele cha kutupa chenyewe kidonge ambacho hakijabanwa vizuri, na kile kipengele kinaweza kuzimwa kwa mkono. Kilizimwa. Vidonge vibovu vikapita. Halafu kiwanda cha Monclova Mexico baruti iliachwa kwenye hewa yenye unyevu usiodhibitiwa. Hayo ni makosa ya watu waliokuwa zamu siku ile, si ya mkemia.

Ndiyo maana rikoli (kuita gari zirudi zirekebishwe) ya kwanza, Novemba 2008, ilikuwa gari kama 4,000 tu za Honda. Walidhani ni mzigo wa siku chache ulioharibika.

Injinia Mstaafu
Vijana salaam. Nimefanya kazi viwandani miaka 31, si vya magari ila kiwanda ni kiwanda.

@Mtu wa Mizani hebu jisome tena. Kipengele cha usalama kinachoweza kuzimwa kwa mkono. Nani aliweka hiyo swichi ya kuzimia? Mfanyakazi wa zamu? Mashine inayotupa vidonge vingi inapunguza hesabu ya siku, na hesabu ya siku inaandikwa ubaoni kila mtu anaiona, anayeizima anafanya kile ambacho ubao unamwambia. Mimi nimeona opareta anaweka kipande cha mbao kwenye sensa ili mashine isisimame. Nilimfokea. Kesho yake nikaenda kumwomba radhi, kwa sababu niliangalia karatasi nikakuta shabaha ya zamu ile nimeiweka mimi, na kwa mashine ile ikisimama inavyosimama haifikiki hata malaika waje.

Kwa hiyo mimi namlaumu injinia. Yaani najilaumu mwenyewe.

Kibatari
Mzee shikamoo. Lakini umesema kwa uchungu kama uko kizimbani

Injinia Mstaafu
Marahaba. Niko kizimbani kila usiku mwanangu.

Hesabu za Duka
Mnazunguka. Mhasibu ndo mwenye kesi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 General Motors waliona eabegi za Takata ni bei chee wakawafuata Autoliv, Waswidi waliokuwa wanawauzia, wakawaambia na nyie mshuke mfike hapo la sivyo tunahama. Wanasayansi wa Autoliv wakaipima ile amonia naitreti wakasema hatugusi, hii ni hatari. Wakapoteza biashara. Mnaelewa maana yake? Kuna watu WALIJUA miaka kumi kabla, wakasema, na zawadi ya kusema ukweli ikawa kukosa oda. Baada ya hapo viwanda vingi tu vikanunua kwa Takata.

Ukishaamua kununua cha bei rahisi kuliko cha anayesema ukweli, mkaguzi wa ubora atakagua nini tena hapo.

Njoro wa Industrial Area
Wasee wa TZ mnaongea poa leo. Niongeze moja ya GM hiyohiyo maana hii kesi naijua vizuri.

Swichi ya ufunguo, Chevrolet Cobalt na Saturn Ion. Springi yake ilikuwa legevu, ukiwa na mafunguo mazito ama goti likigusa, swichi inarudi nyuma yenyewe gari inazima ukiwa barabarani. Na gari ikizima usukani unakuwa mzito na eabegi hazifunguki, yaani unagonga na hakuna kitu. Gari 2.6 milioni ziliitwa 2014, mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Kile kipande bei yake ilitajwa Bungeni Marekani kama senti 57. Senti za huko lakini, si shilingi.

Sasa ile kitu iliniuma ni hii. Wakati kampuni imeajiri wakili wa nje achunguze, ripoti yake iliandika kuhusu mikutano yao ya ofisini. Kulikuwa na kitu wanaita saluti ya GM: unakunja mikono kifuani, vidole vimeelekeza nje, kushoto na kulia, maana yake kazi ni ya huyu na huyu, si yangu. Na kulikuwa na kutingisha kichwa kwa GM, wote mnakubali kwenye mkutano kuwa jambo lifanyike, mnatoka, hakuna anayelifanya.

Injinia mmoja alibadilisha ile swichi 2006 ikawa nzito kidogo lakini hakubadilisha namba ya spea. Ndio maana wachunguzi wao wenyewe walihangaika miaka, gari za miaka ya nyuma zinazima za mbele hazizimi na namba ni ileile.

Fundi Gerezani
Hiyo ya namba ya spea ndo dhambi kubwa kuliko zote, waulizeni watu wa Kariakoo. Spea mbili tofauti namba moja, fundi utakufa maskini

Mshamba wa Tanga
@Njoro hiyo saluti ndo ninayoiona kwenye huu uzi. Fundi anasema mkemia, Mizani anasema zamu, Mzee anasema injinia, Hesabu anasema mhasibu.

Kibatari
Na wewe mkaguzi. Umesahau kujihesabu

Mwanasheria Njaa
Mnajua kesi ya Ford Pinto? Miaka ya 70 Ford walikaa wakapiga hesabu, kurekebisha tangi dola 11 kwa gari, mtu akifa dola 200,000, wakaona bora wafe. Imeandikwa kabisa kwenye karatasi. Tangi liko nyuma, likigongwa nyuma linalipuka. Hapo utamlaumu fundi gani?

Mtu wa Mizani
@Mwanasheria Njaa hii inasimuliwa hivyo kila mahali ila si sahihi. Ile karatasi ya 1973 ipo, na dola 11 ipo, na 200,000 ipo. Lakini haikuhusu Pinto kugongwa nyuma, ilihusu mafuta kumwagika gari ikipinduka, kwa magari yote ya Marekani, milioni 12 na nusu pamoja na pikapu ndogo, siyo Ford peke yao. Na iliandikwa kupelekwa kwa serikali kupinga kanuni mpya. Na ile thamani ya mtu Ford hawakuibuni, ilitoka kwa mamlaka ya usalama barabarani yenyewe.

Pinto zilikuja kuitwa 1978, kama milioni 1.5, na tangi kweli lilikuwa pabaya. Ila hadithi ya karatasi imekuzwa.

Mwanasheria Njaa
Sawa nimekubali, nilisoma zamani. Ila kupiga hesabu ya maiti na kupeleka serikalini ndo kunaifanya iwe nzuri?

Mtu wa Mizani
Sijasema nzuri. Nimesema siyo hiyo.

Mrisho wa Kentucky
Jambo bandugu. Mimi ni Mukongomani, niko Kentucky, natumika mu kiwanda cha vipande vya gari mwaka wa tano. Jina la kiwanda sitasema juu watoto wanakula kupitia kile.

Mimi niko upande wa mikanda ya siti. Kila sekunde 42 kipande kinafika, naweka bolti mbili, nakaza kwa mashine, mashine inatoa taa ya kijani, nasukuma. Kuna kamba juu ya kichwa, ukiona kosa unavuta, laini inasimama. Siku ya kwanza walitufundisha vuteni, musiogope, ubora ni wetu sote. Wakatupa tisheti.

Mwezi wa pili nikavuta. Bolti moja iliingia upande, taa ilikuwa ya kijani ila mkono wangu ulisikia vile imeingia vibaya, mkono unajua mbele ya macho. Shefu (bosi wetu) akakuja anakimbia. Hakuuliza NINI. Aliuliza NANI. Nani amevuta. Tulisimama dakika tatu na nusu, na mwisho wa zamu jina langu likasomwa na zile dakika. Hakuna mtu alinifukuza, hakuna mtu alinitukana. Walisoma tu jina na dakika. Toka siku ile nimevuta mara ngapi? Mara mbili kwa miaka mine na nusu. Muniambie kama vibaya vilikuwa vibili tu.

Kibatari
Pole ndugu. Ila "natumika kiwandani" huku kwetu maana yake wanakutumia 😂

Mrisho wa Kentucky
Ni vile vile ndugu yangu hakuna kosa 😂😂

Injinia Mstaafu
@Mrisho umeandika kitu ambacho vitabu vya usimamizi vinaandika kwa kurasa mia tatu. Nini na nani.

Vijana, someni habari ya NUMMI. Kulikuwa na kiwanda cha GM pale Fremont, California, kikafungwa 1982, sifa yake mbovu kabisa, wafanyakazi hawaji kazini, wakija wamelewa, gari zinatoka na kasoro za makusudi. 1984 Toyota na GM wakakifungua kwa ubia, na wengi wa wafanyakazi ni walewale, na chama cha wafanyakazi kilekile. Wakapewa kamba kama ya Mrisho. Tofauti ni kwamba kule ukivuta kiongozi anakuja kukusaidia. Haukupita muda mrefu zile gari zikawa katika bora kabisa ndani ya GM nzima. Watu walewale! Kwa hiyo @Mshamba ukimlaumu aliyeko kwenye laini inabidi unieleze walibadilishwa nini, damu?

Hesabu za Duka
Mzee umeingia mwenyewe. Kama Toyota ndo dawa mbona 2009 na 2010 wakaita mamilioni, mazulia ya miguuni yananasa pedali ya mafuta, pedali zenyewe zinakwama. Bosi wao Akio Toyoda akaenda Bungeni Marekani Februari 2010 akakiri kwamba walikua haraka kuliko uwezo wa kuwafundisha watu wao. Na 2014 wakalipa dola bilioni 1.2 kwa sababu ya kuwaficha wateja ukweli. Wenye kamba hao.

Injinia Mstaafu
Kamba haivutwi na kampuni inayokimbia. Hilo nalikubali.

Bi Mkubwa Makadara
Assalam aleykum. Mie si fundi ila marehemu bwana alikuwa dereva wa malori Mombasa hadi Kampala miaka mingi, na kuna jambo hamjalisema. Nyote mwalaumu walio ndani ya kiwanda. Kiwanda chenyewe humlaumu nani? Humlaumu dereva.

Mitsubishi walipata kesi kubwa kwao Japani. Mwaka 2000 serikali ilipata fununu ikaenda kupekua, ikakuta malalamiko ya wateja yamefichwa, mengine kwenye makabati ya kubadilishia nguo. Na mtindo ule ulikuwa tangu 1977. Kisha Januari 2002 pale Yokohama gurudumu la lori lao lilichomoka likamuua mama mmoja na wanawe wakaumizwa. Kampuni ikasema ni matunzo mabovu ya wenye lori. Hadi 2004 ndipo wakakiri ni habu, chuma chenyewe cha kushikia gurudumu kina kasoro tangu kiwandani, wakubwa wakakamatwa.

Miaka miwili mwenye lori ndiye muuaji. Bwana wangu naye aliwahi kukatwa mshahara kwa gurudumu lililochomoka, si la kampuni hiyo, na wala sijui kosa lilikuwa la nani. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Fundi Gerezani
Poleni sana bibi.

Hii inatuhusu kweli. Mteja akirudi na gari neno la kwanza linalotutoka sisi mafundi ni "umeitunza vibaya". Nakiri.

Dogo Passo
wakuu samahani kidogo nje ya mada, Passo ya 2010 bei gani sasa hivi Dar

Kibatari
Umekuja kuuliza Passo kwenye uzi huu? 😂 Msubiri Mizani akushughulikie

Mtu wa Mizani
Kwa kuwa nimeitwa. Passo inavaa nembo ya Toyota ila ilitengenezwa na Daihatsu. Desemba 2023 kamati huru ilitoa ripoti kuhusu Daihatsu: udanganyifu 174 kwenye vipimo vya kupata vibali, aina 64 za magari, zikiwemo zinazouzwa kwa nembo ya Toyota na wengine, na kitu cha zamani kabisa kilikuwa cha 1989. Mfano mmoja: kwenye jaribio la kugongesha, eabegi ifunguliwe na kompyuta ya gari ikihisi mgongano. Wao waliifungua kwa taima. Kompyuta yenyewe ilikuwa haijawa tayari na tarehe imefika.

Wakasimamisha kusafirisha magari yote kwa muda. Kamati ikasema lawama ni za uongozi, kwa sababu walibana muda wa kutengeneza gari mpya mpaka wafanyakazi wa vipimo hawana pa kupumulia, na mtu wa chini akisema haiwezekani anaambiwa kwa hiyo utafanyaje. Basi.

Sijasema Passo yako ya 2010 ni mbovu. Ulizia bei tu.

Dogo Passo
duh

Njoro wa Industrial Area
Na kuna ile ya Nissan 2017, hii inagusa mtumba wetu moja kwa moja. Sheria ya Japani inataka gari za soko lao la ndani zikaguliwe mwisho na mtu aliyethibitishwa. Ikagundulika wasio na cheti ndio wanakagua, halafu wanapiga muhuri wa aliye na cheti. Mihuri inaazimwa kama kalamu. Gari kama 1.2 milioni zikaitwa. Subaru nao wakakiri mtindo wa aina hiyo.

Sasa @Mshamba, ule mkaguzi wako wa mwisho, huenda hata hakuwa mkaguzi. Alikuwa muhuri.

Mshamba wa Tanga
😂😂 Basi nimshtaki muhuri. Lakini hapo si umeniunga mkono? Ukaguzi wa mwisho haukufanyika.

Njoro wa Industrial Area
Zi. Fikiria, mtindo ulidumu miaka na miaka na hakuna aliyejua kwa kuangalia gari. Zilikuwa sawa tu. Inamaanisha ukaguzi wa mwisho hauongezi kitu kikubwa, ubora umeshaingia ama umeshakosa kuingia huko nyuma.

Mama Kibaha
Mimi hamnishawishi. Kama muhuri hauna maana waufute. Kama una maana waupige kwa haki. Huwezi kuweka sheria halafu ukivunja unasema haikuwa na kazi.

Mwanasheria Njaa
Mama Kibaha awe jaji

Suleiman Muscat
Nasoma kutoka Muscat. Mmesema unyevu na joto, huku Ghuba Julai gari ikikaa juani ukishika usukani waungua. Marekani walipopanga nani abadilishiwe eabegi kwanza waligawa kwa kanda, majimbo ya joto na unyevu kama Florida, na visiwa kama Hawaii na Puerto Rico, ndiyo ya kwanza, kwa sababu vifo vingi vilitokea kwenye maeneo ya namna hiyo. Yaani kasoro ile ile, kiwanda kile kile, mtu wa baridi anapona miaka mingi na mtu wa pwani anakufa. Kwa hivyo lawama nyengine ni ya waliopima kwenye hali ya hewa ya kwao wakauza kwetu.

Fundi Gerezani
@Suleiman hapo ndo kwenye mfupa. Na Japani wenyewe kuanzia Mei 2018 gari yenye eabegi za hatari ambazo hazijabadilishwa hawaipitishi ukaguzi wa serikali, haitembei barabarani kwao. Sasa gari isiyoweza kutembea kwao inaenda wapi? Mnada. Kisha meli.

Hesabu za Duka
Usitie chumvi, siyo zote zinazokuja ni hizo.

Fundi Gerezani
Sijasema zote. Nasema hakuna anayeangalia. Mnunuzi anauliza kilomita, rangi, na kama redio inafanya kazi.

Na ngoja niseme la gereji maana tumekuwa tukiwapiga Wajapani toka asubuhi. Wiki mbili zilizopita nilifungua usukani wa gari moja, mteja analalamika honi. Nikatoa kifuniko cha katikati. Ndani hakuna eabegi. Kuna gazeti limekunjwa na kipande cha sponji ya godoro, kifuniko kimegandishwa na gundi ya viatu, vizuri kabisa huwezi kujua. Na taa ya dashibodi haiwaki maana balbu imechomolewa. Gazeti lilikuwa la Kijapani? Hapana. La hapa hapa, ukurasa wa michezo, Simba na Yanga.

Kibatari
Nani alishinda

Fundi Gerezani
Sare.

Mama Kibaha
Jamani mimi nimetoka nje sasa hivi na tochi nimeenda kuangalia yangu. Taa ya eabegi haiwaki kabisa. Hata nikiwasha swichi haiwaki. Ni vizuri au vibaya?

Fundi Gerezani
Vibaya mama. Ukiwasha swichi lazima iwake sekunde chache kisha izime yenyewe. Ikiwaka na kubaki, kuna tatizo. Isipowaka kabisa, mara nyingi kuna mtu ameitoa balbu au ameunga waya. Msimwache mtoto siti ya mbele mpaka ifunguliwe na mtu anayejua, na betri itolewe kwanza kabla ya kugusa.

Mrisho wa Kentucky
Niongeze. Marekani ukiingiza ile namba ya gari ya tarakimu 17 unajua palepale kama kuna rikoli, na kubadilisha ni bure. Ndugu yangu mu Lubumbashi aliniomba nimuangalilie yake ya kutoka Japani, namba ni fupi, mtandao wa huku haikubali.

Mtu wa Mizani
Ndiyo, gari za soko la Japani zina namba ya chesisi ya aina yao, herufi chache kisha kistari kisha tarakimu. Lazima uende tovuti ya Kijapani ya kampuni husika kama alivyofanya shemeji wa Mshamba. Mtandao wa Marekani utakwambia hakuna gari kama hiyo, na watu wanadhani wamepona.

Mwanasheria Njaa
Turudi kwenye lawama. Takata walikiri kosa la jinai 2017, dola bilioni moja, kosa lenyewe ni kughushi data za vipimo na kuwapelekea kampuni za magari. Juni mwaka huohuo wakafilisika. Eabegi kama milioni 67 kwa Marekani pekee, dunia nzima ni kama milioni 100. Sasa wewe wa Tanga ukitaka kudai utamdai nani? Kampuni haipo. Mali zake zimenunuliwa na wengine. Aliyekuuzia atasema "nilikuuzia ilivyo". Hiyo ndo maana nasema swali la nani alaumiwe ni la watu wenye mahakama karibu.

Hesabu za Duka
Kampuni za magari zipo. Zilizonunua cha bei rahisi. Wadaiwe hao.

Mtu wa Mizani
Zilidanganywa kwa data za kughushi. Hilo nalo lihesabiwe.

Hesabu za Duka
Zilidanganywa kitu ambacho Autoliv waliwaambia bure.

Mtu wa Mizani
Autoliv aliwaambia akiwa mshindani. Mshindani akikwambia bidhaa ya mwenzake ni mbovu utamwamini?

Hesabu za Duka
Ningepima mwenyewe!!

Injinia Mstaafu
Hapo kwenye "ningepima mwenyewe" ndipo tulipokuwa tunafukuzana na wenye fedha miaka 31.

Bi Mkubwa Makadara
Kuna yule injinia wa Kikorea wa Hyundai pia, Kim Gwang-ho, alikuwa upande wa ubora zaidi ya miaka 25. Injini zao zilikuwa zikifa, alipoona hawasemi kitu akapanda ndege 2016 akaenda kuwaambia Wamarekani. Akafukuzwa kazi. 2021 Marekani wakamzawadia zaidi ya dola milioni 24. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha. Nikamwambia huyo ni mmoja, waliojua wakanyamaza wakala pensheni zao ni wangapi?

Kibatari
Milioni 24 za dola. @Mrisho vuta kamba kaka, VUTA

Mrisho wa Kentucky
😂😂😂 Kamba yangu inaleta shefu tu, haileti dola

Dogo Passo
kwa hiyo Passo ninunue au nisinunue

Kibatari
Nunua Fuso

Bi Mkubwa Makadara
Astaghfirullah.

Mshamba wa Tanga
Wakuu asanteni, nimeelimika ingawa nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyokuja. Mkaguzi wa mwisho nimemshusha kidogo kwenye orodha lakini sijamfuta, namuunga mkono Mama Kibaha kwenye hilo la muhuri.

Mrejesho: leo nimerudi kwa yule fundi kumwambia afungue upande wa abiria atoe eabegi kabisa. Ameshika kile kikaratasi cha Kijapani akakigeuza geuza, akaniuliza kama nina uhakika maana gari "haijawahi kusumbua". Halafu akasema ataitoa ila taa ya dashibodi itabaki inawaka, kwa elfu tano zaidi anaweza kuizima.

Anayemjua fundi wa eabegi Tanga au hata Korogwe naomba anijulishe, nitamfuata huko aliko. Kwa sasa mke wangu anakaa nyuma kama bosi.

Kibatari
Msalimie bosi. Na gari bado hujataja